Kamera ya lupango na proseseri yenye kupanda mpaka 90: uzoefu wangu na Frigate ku Lubumbashi

Mi sikujuaka shida ya proseseri juu ya kuangalia ekrani, nilijuaka juu ya batri. Hapa kwetu Bel-Air umeme inaenda wakati inataka, njo maana ile sisteme yote ya kamera niliunganisha ku onduleri na batri moja ya 12V, 100Ah. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu muzuri kabisa: batri hauishushe chini ya nusu, basi uko na watt-saa 600 hivi, ordinateri na kamera na swichi (ile ya kuunganisha waya za kamera) bikule watt 80, unapita masaa saba, usiku unaisha. Sasa siku moja umeme inaenda saa tatu ya usiku, mbele ya saa saba na nusu sentineli ananigongea ku dirisha: « Patro, ile machini imelia kiisha imenyamaza. » Masaa ine na kitu tu! Mi nikawaza fundi wa batri aliniuzia ya zamani yenye bamepaka rangi mupya, nikamutukana mu roho mpaka asubui. Muntu wa watu hakuwa na kosa.

Kwanza niseme niko na nini. Kamera sita za waya (PoE, waya moja inabeba umeme na videyo pamoja), tano ni za 2560 kwa 1440, moja ni ya zamani kidogo. Ordinateri ni HP EliteDesk 800 G1 ya okazio, proseseri Core i5-4590, RAM 8, nimeweka Debian (sisteme ya Linux) na Docker (kama sanduku ya kuwekea programu), ndani ya Docker njo kuko Frigate. Frigate ni programu ya bure, inarekodi kamera na inatambua kama kilichopita ni muntu, motoka ao imbwa, na haitume picha zako kwa mutu yeyote inje, kila kintu inabakia mu nyumba. Kwetu hii njo ya maana, sababu sisteme zenye kutuma videyo ku intaneti kila saa zitakumaliza na mega.

Asubui nikaazima kwa shemeki kale ka kipimo ka kuchomeka ku priz: ordinateri peke yake watt 95. Nikafungua htop, programu ya kuonyesha kazi ya proseseri, mistari yote ine ya proseseri imejaa, 88, 91, 90 kwa mia. Ventilateri inapiga kelele kama machini ya kusaga mahindi. Mwezi wa kumi hapa joto unaijua, na ile vumbi nyekundu yetu inaingiaka fasi yote, basi nikafikiri ni vumbi. Nikafungua machini nikapuliza, ikatoka kitu kama unga ya matofali. Joto ilishuka, ni kweli, ventilateri ikatulia kidogo, lakini proseseri ikabakia palepale 90. Vumbi inafanya machini ipate joto, haiifanye ipate kazi mingi. Ile nilipashwa kuwaza mbele ya kuchafua mikono.

Kiisha nikafanya kosa ya feza. Kila fasi nilikuwa nasoma kama Frigate ikitambua bintu kwa proseseri tupu inachosha machini, nunua Coral, ile kadude ka Google ka USB yenye kufanya hesabu ya kutambua. Shemeki akaniletea moja, ikapitia Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Nikachomeka, nikarekebisha fishiye ya mipangilio ya Frigate, nikangojea muujiza. Proseseri ikatoka 90 ikafika 78. Bibi yangu akauliza: « Paka hiyo njo ile feza yote? » Sikuwa na jibu.

Jibu ilikuwa mu Frigate yenyewe na mi sikufunguaka hata siku moja. Kuko ukurasa wa System (unaona mu menyu), pale inakuonyesha kila kamera inakula kiasi gani, na inagawanya: ffmpeg kiasi hiki, capture (kupokea picha) kiasi hiki, detect (kutambua) kiasi hiki. Kutambua bintu ilikuwa kidogo. Ffmpeg njo ilikuwa inakula, kamera moja 50, ingine 60, na fahamu hapo 100 ni mustari moja wa proseseri, si proseseri muzima, basi machini ya mistari ine inaweza kufika 400. Ffmpeg njo ile inafungua videyo, kuitoa mu mukandamizo na kuifanya picha. Coral haigusi hiyo kazi hata kidogo, yeye anangojea picha zikishafunguliwa. Yani nilikuwa nimeleta mupishi wa pili wakati shida ilikuwa kuchota maji.

Sasa sababu gani kufungua ilikuwa nzito? Kila kamera inatoa strimu mbili, ni kusema videyo ile ile mara mbili, kubwa na ndogo. Mi nilikuwa nimepa Frigate ile kubwa tu, kwa kurekodi na kwa kutambua pamoja. Kurekodi haisumbue, sababu inachukua videyo vile iko na kuitupa ku diski bila kuifungua. Kutambua njo inaomba picha zifunguliwe zote. Piga hesabu: 2560 mara 1440 mara picha 20 kwa segonde, inafika karibu pikseli milioni 74 kwa segonde, kamera moja tu. Strimu ndogo ya 640 kwa 360, picha 5 kwa segonde, ni milioni moja na kitu. Mara 64 chini! Na kwa kutambua muntu mu lupango yenye haipite metre 20, picha 5 zinatosha, hata benye kutengeneza Frigate njo hiyo banashauri. Nikaingia mu kila kamera, nikawasha strimu ndogo, nikaweka 5 (paka ile moja ya zamani njo ilikataa), kiisha mu fishiye nikaandika strimu kubwa kazi yake record, ndogo kazi yake detect, na vipimo vya detect vifanane na vile vya strimu ndogo. Nikaanzisha tena. 78 ikakuwa 31. Nilibakia naangalia ekrani kama muntu anaangalia mupira.

Lakini ile i5 iko na kakintu kamoja kenye kanaweza kukudanganya. Ile sehemu ya picha (GPU) yenye iko ndani ya proseseri ya Intel inaweza kusaidia kufungua videyo, hiyo njo Quick Sync, iko tangu proseseri za 2011. Kwa i5 ya kizazi cha ine kama yangu inafungua H.264, lakini H.265 hapana (hizo ni aina mbili za mukandamizo wa videyo), hiyo ilianza kusaidiwa muzuri ku kizazi cha sita, ya 2015. Na mi kamera tatu zilikuwa ku H.265 kwenye strimu zote mbili, juu muuzaji alisema inakula fasi kidogo ku diski (na ni kweli). Nikaacha strimu kubwa ku H.265, maana haifunguliwe, ndogo zote nikarudisha ku H.264. Kiisha kumupa Docker njia ya /dev/dri/renderD128 (mulango wa kufikia GPU), kuweka preset-vaapi mu fishiye ili Frigate itumie ile GPU, na hapa nilipoteza siku mbili: ilikuwa inakataa, logi inajaa makosa, mpaka nikaona mu maelezo kama kwa proseseri za zamani unapashwa kusema dereva (programu yenye kuendesha GPU) ikuwe i965 badala ya iHD. Mustari mumoja, LIBVA_DRIVER_NAME=i965. Tangu pale 31 ikashuka 19. Ukitaka kuhakikisha kama kweli inasaidia, fungua intel_gpu_top, inaonyesha kazi ya GPU, ule mustari wa Video ukisimama ku sufuri ujue hakuna kintu.

Basi nikajua nimemaliza. Kumbe bado. Mvua za kwanza zikaanguka, na wewe wa Lubumbashi unajua mvua ya kwanza inaleta nini: inswa. Kamera ya ku mulango mukubwa iko juu ya taa, jioni ile inswa zikajaa pale mamia kwa mamia, batoto ba jirani banaokota mu sahani, bako na furaha, na mi mu nyumba naona proseseri inapanda. Frigate haitafute muntu kila saa, inaangalia kwanza kama kuko kitu kinatembea, kikitembea njo inaita kutambua. Inswa zikiruka mbele ya kamera ni kutembea tupu, basi inaita, inaita, inaita. Muti ya maembe nyuma ya nyumba ilikuwa inafanya ile ile muchana, upepo ukipiga, na nguo za bibi ku kamba pia. Inswa nilisogeza taa, ikakaa metre tatu mbali na kamera, ikaisha. Muti ya maembe nilichora mask ya motion (kifuniko cha kuambia Frigate isijali kutembea kwa pale) juu ya matawi, na ile saa yenye kamera inaandika mu kona nayo, sababu tarakimu zikibadilika kila segonde ni kutembea pia. Angalisho moja: usichore mask ku fasi yote yenye hautaki kuona, mi nilifunika mpaka njia ya nyuma, siku moja kijana wa jirani akaruka ukuta kuokota mupira na kamera haikusema kintu.

Ya mwisho ilinichekesha. Usiku, hata inswa hazipo, proseseri ilikuwa inapanda kila siku saa mbili na kushuka saa kumi na mbili asubui, kama muntu wa kazi. Ilikuwa sentineli. Nilimupaka tableti ya zamani aangalie kamera zote mu kibanda chake, na vile sikuwa nimeweka go2rtc (ile sehemu ya Frigate yenye kugawa strimu), Frigate ilikuwa inabadilisha videyo upya kwa ajili ya tableti yake, kamera sita usiku muzima. Nikaandika strimu mu go2rtc, tableti sasa inachukua ile videyo vile kamera inatoa. Papa sentineli anasema picha imekuwa muzuri, mbele bantu balikuwa banatembea bila miguu.

Leo ordinateri iko ku watt 38, proseseri inacheza 12 mpaka 17, kamera na swichi watt 42 kama zamani. Batri ile ile ya yule fundi ilivuka masaa sita na nusu juma lililopita, bila kuhesabu kama onduleri nayo inakula yake.

Frigate yenyewe naipa 8 juu ya 10. Moja naondoa juu ya ile fishiye ya mipangilio, inaandikwa mu YAML, ukikosea nafasi mbili tu mbele ya neno haiamuke, na ukitumia tab ni hasira. Ingine juu maelezo karibu yote ni ya Kiingereza na sisi benye kusoma Kifaransa tunatembea polepole, na kushusha picha yake ya Docker unahitaji mega za kutosha, fanya usiku na forfe ya usiku. Coral sikuirudisha, inafanya kazi yake, lakini ningeinunua mwisho si mwanzo. Ile kamera ya sita ya zamani strimu yake ndogo haikubali kushuka chini ya picha 15, njo inakula peke yake karibu sawa na zingine tatu, nikipata feza ya mwezi huu nitaibadilisha, ao nitaielekeza ku kuku.