Pointi za hoteli kwa sisi wa Tanga: mama alale wapi, mfanyabiashara alale wapi

Jamani ntaandika kirefu kidogo, mwenye haraka asome hapo kwa mama tu, maana ndo sehemu iliyonigharimu kujifunza.

Mi nipo Tanga, nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa bandarini, na kwa mwaka nalala Dar siku ishirini na kitu hivi kwa semina, vikao na kufuatilia makaratasi. Miaka mingi nililala, ofisi ikalipa, nikapanda basi nikarudi zangu, waja leo waondoka leo. Mpaka siku moja mteja wetu tuliyekaa naye meza moja kwenye chai ya asubuhi akaniuliza umewapa namba yako ya uanachama? Nikamwambia uanachama gani. Akanionyesha kwenye simu yake, kumbe kila usiku aliolala hoteli zile zile nilizolala mimi yeye anaandikiwa pointi na zikifika kiasi analala bure, na kujiunga hulipii hata shilingi. Tena pointi zinaandikwa kwa jina la aliyelala hata kama bili kalipa bosi. Niliumia, yani niliumia kweli, nikihesabu miaka yote ile.

Kitu cha kwanza ambacho watu wakisoma mambo ya Marekani wanakosea, kule wenzetu pointi nyingi wanazipata kwa kadi za benki, mtu ananunua mchele na mafuta ya gari anapata pointi za hoteli. Huku kwetu pointi zinatoka kwenye kulala kwenyewe. Kwa hiyo ni chache, na zikiwa chache huwezi kuzitupa popote. Hesabu yangu ya Marriott (hawa ni kampuni ya hoteli, kama walivyo Hyatt, Hilton, Accor na IHG, kila kampuni na pointi zake) ilikuwa hivi: wao hoteli zao nyingi wanatoa pointi 10 kwa kila dola unayolipa, mi nililala usiku 22 kwa wastani wa dola 110, ikawa dola 2,420, pointi 24,200. Ukifikisha usiku 10 kwa mwaka wanakupandisha daraja la Silver na kila pointi unazopata baada ya hapo wanakuongezea asilimia 10. Si utajiri. Ni usiku mmoja, miwili ukibahatika. Swali basi ni usiku huo alale nani.

Na kosa nililolifanya mwanzo ni kuchagua hoteli kwa jina. Nilidhani pointi ni zawadi, basi umpe mtu jengo refu zaidi lenye vioo vingi zaidi. Sivyo kabisa.

Mama yangu anahudhuria kliniki ya moyo Muhimbili, kwenye ile taasisi ya Jakaya Kikwete. Mnaoujua huo mchezo mnajua, basi kutoka Kange ni saa tano sita mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, halafu hapo bado hujafika mjini, kuna foleni nyingine, mtu wa miaka sabini anafika amechoka na kesho saa moja asubuhi awe kwenye foleni ya kliniki. Mara ya kwanza nikambukia kwa pointi zangu hoteli moja ya mjini, siitaji jina. Nzuri, ghorofa, mandhari ya bahari. Saa tisa mchana ananipigia, "Mwanangu mi nishafika, lakini hawa wanasema jina silo." Buking ilikuwa na jina langu na kitambulisho alichoshika ni chake. Mapokezi wakamwambia ama mwenye pointi aje mwenyewe, ama alipe pesa taslimu. Mimi nipo Tanga nimeshika simu, yeye amekaa pale sebuleni na mkoba wake na bahasha ya vipimo mpaka saa kumi na moja na nusu ndo meneja akakubali. Akapewa chumba ghorofa ya juu, bafuni kuna lile beseni la kuogea la kuingia kwa kuvuka ukingo. Hakuvuka. Aliogea kwenye sinki.

Sitasahau ile simu. Toka siku ile kwa mama nauliza mambo manne kabla sijagusa pointi, na nawaomba na nyie muulize. Jina la mgeni lipo kwenye buking? Usiridhike na kuliandika kwenye apu tu, watumie hoteli imeili waambie mgeni ni fulani, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, wakujibu, hilo jibu uliprinti mama awe nalo mkononi. La pili bafu, je ni la kusimama na sakafu yake haitelezi? La tatu ghorofa, omba chumba cha chini au karibu kabisa na lifti. La nne chai ya asubuhi inaanza saa ngapi na kama imo kwenye pointi, kwa sababu chumba cha bure mara nyingi ni chumba tu, na mgonjwa wa kliniki anatakiwa ale na dawa anywe kabla ya saa moja.

Kwa vigezo hivyo nikaishia Protea Courtyard, ile ya Barabara ya Barack Obama upande wa Seaview, ni ya Marriott kwa hiyo pointi zangu zinaingia. Siyo jengo la kutisha, lina ua katikati na miti, na kutoka pale mpaka Muhimbili ni dakika chache kwa gari foleni isipokukamata, Aga Khan nayo ipo barabara hiyo hiyo. Mama aliniambia "hapa panafanana na nyumba." Kwangu hiyo ndo alama ya juu kuliko nyota tano. Na ukiwa umefika daraja la Gold, ambalo ni usiku 25 kwa mwaka, unaweza kuomba kutoka chumbani saa nane mchana kama chumba hakijakodiwa, sasa mtu aliyetoka kliniki saa sita anapata pa kujinyoosha kabla ya safari. Ila hakikisheni kwa simu, maana faida hizo ni za mwanachama anayelala mwenyewe, mgeni uliyembukia wanaweza kumpa au kumnyima.

Sasa kaka yangu. Ana duka la vitenge na mashuka Ngamiani, anashuka Dar kununua mzigo kila baada ya wiki chache, na alinikasirikia kwamba mama kalala hotelini yeye nimemwacha. Kaka, nilikwambia na narudia, kwa safari ya Kariakoo pointi hazina kazi. Wewe unataka kuamka saa kumi na moja, uwe dukani wa kwanza, mzigo uuone ukifungwa robota, na usiku ulale karibu na ulipoweka hela yako. Gesti ya pale pale Kariakoo, safi, yenye mlinzi na feni inayofanya kazi inakutosha na bei yake ni sehemu ndogo tu ya hoteli za Kivukoni. Ukilala mjini kati kwa pointi utaokoa chumba utapoteza muda na nauli. Hapo nimemaliza.

Tofauti na mtu wa vikao. Kama unaenda kukaa na watu wa benki au wizara zilizobaki na ofisi Dar, au una mgeni wa nje unataka akuone umejipanga, basi Hyatt Regency The Kilimanjaro pale Kivukoni inastahili. Ile hoteli ina historia, Kilimanjaro ya kwanza imejengwa miaka ya sitini baada ya uhuru, ipo uso kwa uso na bandari na ukitoka nje unatembea kwa miguu mpaka kituo cha mwendokasi cha Kivukoni. Hyatt wanatoa pointi 5 tu kwa dola, watu wanaona chache wanakimbia, lakini vyumba vyao vinahitaji pointi chache pia kwa hiyo pointi moja ya Hyatt inanunua zaidi ya moja ya Hilton au Marriott. Usilinganishe wingi, linganisha inanunua nini. Njia yangu ni hii: chukua bei ya chumba kwa pesa siku ile ile na kodi zake zote, gawanya kwa pointi wanazotaka. Chumba cha dola 180 kwa pointi 30,000, kila pointi inakulipa senti 0.6 ya dola. Chumba hicho hicho kikishuka dola 100 na pointi bado wanataka 28,000, lipa pesa, pointi zako weka. Na fanyeni hesabu hiyo kila safari kwa sababu Marriott toka 2022 hawana tena jedwali la bei za pointi, zinapanda na kushuka kama nauli ya ndege, siku ambazo mji umejaa mikutano mtashangaa.

Dada na shemeji walifunga ndoa mwaka juzi wakataka Nairobi. Shemeji yeye kichwani ana Hilton ile ya mnara wa duara katikati ya mji, babake alimsimulia. Nikamwambia ile imefungwa mwisho wa 2022, ukisikia Hilton Nairobi sasa hivi ni hoteli nyingine, moja ipo karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na maharusi waliotoka Horohoro wakapanda treni Mombasa watafuata nini uwanja wa ndege? Wakaenda Fairmont The Norfolk, ya mwaka 1904, bustani, veranda, unatulia. Hiyo ni ya Accor na Accor mfumo wao ni tofauti na mi nimeupenda kwa watu wenye pointi chache: pointi 2,000 zinakukatia euro 40 kwenye bili, basi, hakuna kutafuta chumba cha bure kilichoadimika, hakuna kubahatisha. Mchango wangu wa harusi ulikuwa pointi 4,000, nikakata euro 80. Dada alinitumia picha yuko kwenye ile veranda na kikombe cha chai, kajifunga leso yake ya Tanga, picha ile ipo ukutani kwa mama mpaka leo.

Hilton nao wana kitu kimoja ambacho kwa familia za kwetu kimekaa vizuri sana, mnaweza kuchanga pointi bure, mtu na wenzake mpaka kumi, zote zikaingia akaunti moja. Yani kama mchango wa shughuli. Kama mpo ndugu watano kila mmoja ana vipointi vya semina vinakaribia kufa, mkusanyieni mzee mmoja alale.

Maana pointi zinakufa, hilo wengi hawajui. Marriott, Hilton na Hyatt ukikaa miezi 24 bila shughuli yoyote zinafutwa zote, IHG kwa mwanachama wa chini ni miezi 12 tu. Niliwahi kupoteza elfu tisa hivi kwa uzembe huo.

Kero kubwa kwangu ni ofisi zetu. Ofisi inabuku kupitia wakala au kwenye mitandao ya kubuku, halafu unafika mapokezi unatoa namba yako wanakwambia bei hii haina pointi. Na wana haki, karibu kampuni zote hizi pointi ni kwa aliyebuku kwao moja kwa moja. Mi niliongea na mhasibu wetu kwa upole, nikamwonyesha kwamba bei kwenye tovuti ya hoteli ni ile ile, na mara mbili ilikuwa chini, sasa tunabuku wenyewe. Kuna hoteli nyingine siku moja bei ilikuwa na haki ya pointi kabisa na bado hawakuniandikia, nikadai na risiti, wiki tatu kimya, nikadai tena ndo wakaweka. Tunzeni risiti, piga picha siku hiyo hiyo maana zile karatasi wino unafutika.

Kwa wanaokwenda Dubai, wafanyabiashara tafuteni upande wa Deira, mpo karibu na masoko na wasafirishaji wa mizigo, na metro inawafikisha kwingine kote. Accor na Hyatt wote wapo upande huo. Hata chumba kikiwa cha pointi kuna tozo ya utalii ya kila chumba kila usiku, dirham 7 mpaka 20 kulingana na nyota za hoteli, mnailipa pale pale mapokezi. Na mkikaa siku tano, Marriott hawawatozi pointi za usiku wa tano mkibuku zote tano kwa pointi, kwa mkupuo mmoja, Hilton pia ila wao mpaka uwe Silver kwenda juu. Wenye familia na watoto waulize chumba kinaruhusu watu wangapi kabla ya kubuku, msije mkafika watano kwenye chumba cha wawili usiku wa manane.

Mama anarudi kliniki mwezi ujao. Pointi zipo 31,000, jina lake nimeshaliandika na hoteli wamenijibu, chumba cha chini, bafu la kusimama. Jana kanipigia anauliza kama safari hii anaweza kwenda na shangazi, nimewaandikia tena kuuliza kitanda cha pili.