German Shepherd au Ridgeback: nani aingie nyumbani kwako kwanza

Kwa familia inayofuga mbwa mkubwa kwa mara ya kwanza, tunamweka German Shepherd nafasi ya kwanza na Rhodesian Ridgeback ya pili. Mpangilio unageuka ukiwa unaishi kwenye joto la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ukuta wako una futi sita, na uani hakuna kuku wala mbuzi.

Shepherd anatangulia kwa sababu anafundishika. Max von Stephanitz alipomwandikisha wa kwanza huko Ujerumani mwaka 1899, alitaka mbwa wa kuchunga kondoo kutwa huku akimsikiliza mchungaji, na hadi leo anamtazama mtu usoni akingoja neno. Mtoto wa miaka kumi, mzazi akiwa karibu, anaweza kumfundisha "kaa" na "njoo" kwa dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Balaa huanza akikosa kazi: anabwekea kila bodaboda, anazunguka ukuta mpaka nyasi zinakufa, kisha anaanza kuwauma watoto visigino wanapokimbia. Wengi humwita mkali, kumbe hatembezwi. Anahitaji saa moja na nusu kila siku, hata kama ua ni mpana.

Udhaifu wake mkubwa ni nyonga. Kabla ya kulipa, omba picha za eksirei za baba na mama, zilizopigwa wakiwa wametimiza mwaka, zenye daraja la A au B la FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa. Muuzaji akikwambia "wazazi hawachechemei", hajajibu swali lako. Simama nyuma ya mama akitembea: makalio yakiyumba, ondoka. Mgongo ulioinamia sana mkiani nao si urembo, hata kama tangazo linausifia.

Halafu kuna homa ya kupe, ambayo humwangusha Shepherd vibaya kuliko mbwa wengi. Akikataa chakula, ufizi ukipauka au pua ikatoa damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ya kupe apewe mwaka mzima kwa ratiba ya kwenye pakiti. Ukingoja umwone kupe, umechelewa.

Ridgeback ni mbwa wa Afrika. Asili yake ni mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa asili wa kusini mwa Afrika, waliochanganyika na wale wa walowezi wa Kizungu, na vigezo vya aina hii viliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Alitumika kumzuia simba mahali pamoja mpaka mwindaji afike. Nywele zake fupi zinahimili joto la pwani, kupe wanaonekana upesi, na sakafu haijai manyoya kama ya Shepherd. Ndani ya nyumba ni mtulivu kabisa. Ila amezoea kujiamulia: ukimfokea anakupa kisogo, na akimwona paka hasikii jina lake. Mfundishe kwa vipande vya nyama, dakika tano tano, kabla hajatimiza miezi sita, kwa sababu dume mzima hufika kilo 36 hivi na mtoto hawezi kuishika kamba yake.

Kabla ya kumchagua, mkague ngozi. Ivute juu shingoni, iviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada, ukishuka polepole katikati ya mgongo hadi shina la mkia. Ukihisi kitu kama uzi mgumu kinachoivuta ngozi kuelekea uti wa mgongo, huo ni mrija wa kuzaliwa nao. Huingia uchafu, hutunga usaha, na dawa yake ni upasuaji. Mwache huyo.

Yeyote utakayemchagua asiachishwe mama kabla ya wiki nane, na aje na kadi ya chanjo na dawa ya minyoo. Ugali na dagaa pekee havimtoshi. Mpe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, mara tatu kwa siku hadi miezi sita, kisha mara mbili. Usimwongezee kalsiamu, inaharibu mifupa inayokua. Baada ya kula apumzike saa nzima bila kukimbizwa. Tumbo likivimba kama ngoma na anajikakamua kutapika bila kutoa kitu, limejipinda: ni dharura, anaweza kufa ndani ya saa chache.

Chukua jike ikiwa watoto wako ni wadogo. Ni mwepesi kumdhibiti. Na ukiambiwa mama wa watoto wa mbwa yuko shamba, haonekani leo, usitoe hata pesa ya kumshikia.