Mbao za useremala wa nyumbani: ipi ununue Arusha na Moshi

Anayejifunza useremala nyumbani siku hizi hujifunza kwa kutazama video, na nyingi kati ya hizo zimetengenezwa Marekani, ambako mwalimu huanza somo kwa kumwambia mwanafunzi achukue mbao ya popla. Kwao ushauri huo ni mzuri. Mti wenyewe, ambao kitaalamu huitwa Liriodendron tulipifera na ambao ni wa ukoo mmoja na magnolia wala si popla halisi, humea mashariki mwa Amerika Kaskazini. Mbao zake zikikauka huwa na uzito wa karibu kilo 450 kwa mita moja ya ujazo, nyuzi zake zimenyooka, randa hupita bila kukwama, na rangi ya mafuta hukaa juu yake vizuri. Ukiingia katika duka la mbao la Arusha au Moshi na kuitaja popla, hata hivyo, muuzaji atakuuliza ni mbao gani hiyo. Swali la kujiuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: kati ya mbao tunazouziwa hapa, ipi inafanya kazi ile ile, kwa bei ambayo makosa ya mtu anayejifunza hayatamfilisi?

Nimezipanga mbao kwa kufikiria kazi za nyumbani za ndani: rafu ya vitabu, stuli, kabati dogo la vyombo, meza ya kusomea ya mtoto. Milango ya nje na paa ni habari nyingine.

Nafasi ya kwanza naipa saipresi. Mti huu, Cupressus lusitanica, ulitoka Meksiko na Amerika ya Kati, na umepandwa kwa wingi katika mashamba ya miti ya serikali ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru yanayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo mbao zake hazisafiri mbali kabla ya kufika mjini. Kwa uzito inakaribiana sana na popla. Nyuzi zake ni laini na zimelingana, haisinyai kupita kiasi inapokauka, inakatika vizuri kwa msumeno wa mkono, na patasi iliyonolewa huacha uso safi unaoteleza chini ya kidole. Ukiiranda chumba kizima hujaa harufu yake.

Kasoro yake kubwa ni mafundo, na hapa mnunuzi anapaswa kusimama na kutazama kwa makini. Kila tawi lililobaki mtini huacha fundo ndani ya mbao, ila mafundo hayafanani. Fundo lililotokana na tawi lililokuwa hai limeshikana na mbao pande zote na rangi yake ni ya kahawia iliyokolea. Hilo halina madhara makubwa, hata kama litakusumbua wakati wa kuranda. Fundo lililotokana na tawi lililokufa limezungukwa na duara jeusi, na ukilisukuma kwa kidole gumba mara nyingine unalihisi linacheza. Hilo litadondoka siku moja na kuacha tundu katikati ya rafu yako. Basi unapochagua, kataa ubao wenye fundo jeusi zaidi ya theluthi ya upana wake, na ukipata mbao zenye mafundo machache, yaani zilizotoka sehemu ya chini ya shina, nunua zaidi ya unavyohitaji siku hiyo.

Grevilea inafuata, na kama kazi yako itapakwa vanishi badala ya rangi, ningeitanguliza mbele ya saipresi bila kusita. Mti huu wa asili ya Australia ulipandwa miteremko ya Kilimanjaro na Meru kama kivuli cha kahawa, na leo ni vigumu kupita njia ya shambani bila kuuona kwenye mpaka wa shamba. Ubao wake uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini cha mti huonyesha madoa yanayong'aa mfano wa magamba ya samaki, uzuri ambao ingekuwa dhambi kuufunika kwa rangi. Tatizo ni namna unavyopasuliwa. Mara nyingi hupasuliwa huko huko shambani kwa msumeno wa mnyororo, ukiwa mbichi, na unene wake haulingani: ncha moja ina inchi moja na robo, nyingine haifiki inchi. Chukua futi kamba yako, pima unene mahali patatu katika kila ubao, na uhesabu unene mdogo kabisa kuwa ndio unene unaoununua, kwa sababu huo ndio utakaobaki ukisharanda. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba vumbi la grevilea huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Vaa mikono mirefu na barakoa, na ukiona vipele siku ya kwanza usiendelee kwa ujasiri, badilisha mbao.

Paina naiweka ya tatu. Ni nyepesi, haina makuu, na hupatikana katika vipimo vyote, ikitoka mashamba ya huku kwetu na hata Sao Hill kule Mufindi. Miti mingi huvunwa ikiwa bado michanga, hivyo pete zake za ukuaji ni pana na mbao inayotoka karibu na kiini hupinda ovyo. Utomvu nao hutoka kwenye mafundo na kutoboa rangi baada ya miezi michache, usipoyapaka kwanza sila, yaani dawa ya kuziba mbao. Madoa ya buluu utakayoyaona kwenye baadhi ya mbao yanasababishwa na kuvu. Hayapunguzi nguvu kwa kiasi cha kukutisha, na rangi huyafunika, lakini vanishi itayaacha yaonekane daima. Kwa migongo ya makabati, fremu zinazojificha na benchi ya kufanyia kazi, paina inatosha kabisa.

Mringaringa ningeupenda uwe juu zaidi, ila huwezi kuutegemea kuupata. Ni mti wetu wa asili, Cordia africana, ambao Wachaga wameuacha usimame ndani ya vihamba vyao kati ya migomba na kahawa, na ambao wazee walichongea mizinga ya nyuki. Mbao yake ni ya kahawia yenye umanjano, haichoshi kifaa, haisinyai sana na hung'aa vizuri ikisuguliwa. Inauzwa ubao mmoja mmoja, pale mwenye shamba alipoamua kuangusha mti. Ukipewa nafasi ya kununua mbao mbili tatu zilizonyooka, zinunue hata kama huna kazi nazo bado.

Mtiki, mninga na mkongo ni mbao bora kuliko zote nilizotaja, na kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wanaoanza waziache kwanza. Bei yake ni kubwa, na kosa moja la kipimo linauma. Mninga, unaotoka misitu ya miombo kama ile ya Tabora, unasifika kwa kutulia baada ya kukauka, na ukishaweza kuunga kona nne zisizoachia mwanga, utengenezee meza ya chakula. Mtiki, hata ule wa mashamba ya Longuza wilayani Muheza, uangaliwe rangi: sehemu nyeupe ya nje si imara kama kiini chenye rangi ya asali, na muuzaji asikutoze bei ya kiini kwa ubao ambao nusu yake ni nyeupe. Mafuta yake ya asili huzuia gundi kushika, hivyo pangusa sehemu ya kuunga kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kupaka gundi.

Mkaratusi usiununue kwa samani. Unapasuka na kusinyaa mno unapokauka, hata kama bei yake inavutia.

Plaiwudi ina nafasi yake kwa sehemu pana kama mgongo wa kabati, kwa kuwa haisinyai upana. Mbao za unga uliogandamizwa, zile ziitwazo MDF, ni laini na hupokea rangi vizuri, lakini zikipata maji ukingoni huvimba na hazirudi. Usiziweke karibu na sinki.

Mpangilio huo wote hauna maana iwapo ubao ulionunua ni mbichi, na mimi nilijifunza hili kwa hasara. Mwezi wa nne, katikati ya masika, nilinunua mbao tano za grevilea za inchi moja kwa kumi kwa ajili ya meza ya binti yangu, nikiwa nimehakikishiwa kwamba zilikuwa zimekaa dukani tangu Krismasi. Niliziunga kwa gundi, nikazikaza kwa skrubu kwenye fremu ili zisicheze, nikapaka vanishi mara tatu. Kufikia mwezi wa nane kulikuwa na mwanya kati ya ubao wa pili na wa tatu ambao sarafu ya shilingi 200 ilipenya, na ubao wa nne ulikuwa umebonyea katikati kama hori. Hapakuwa na ubaya katika mti ule. Mbao husinyaa upana, karibu haisinyai urefu. Ubao wa inchi 10 ukisinyaa asilimia 5 tu unapoteza nusu inchi, na nusu inchi hiyo ikizuiwa na skrubu pande zote, lazima kitu kipasuke.

Kwa hiyo usiamini neno la mdomo kuhusu ukavu. Shika ubao mmoja na mwingine wa kipimo kile kile. Ulio mzito kwa namna inayoonekana bado una maji. Ugonge kwa kifundo cha kidole, mkavu huitika kwa sauti kali na mbichi huitika kwa sauti iliyofifia. Ulaze mgongo wa kiganja katikati ya ubao, mbichi huwa na ubaridi. Ukitaka uhakika zaidi, omba kipande kilichokatwa mbali na ncha, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 100 hivi mpaka uzito wake usipungue tena, kisha gawa uzito uliopotea kwa uzito wa kipande kikavu. Kipande cha gramu 180 kilichobaki na gramu 150 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20, na hiyo ni mbao ya kusubiri. Kwa samani za ndani za huku kwetu, tafuta asilimia 12 hadi 14.

Baada ya ukavu, tazama unyofu. Inua ncha moja ya ubao hadi usawa wa jicho, funga jicho jingine, na utazame ukingo wake kama mtu anayelenga shabaha. Ubao uliopinda kidogo unaweza kukatwa vipande vifupi na ukatumika. Ubao uliojisokota, yaani ambao ncha zake mbili hazilali sawa juu ya sakafu, urudishe kwenye rundo, kwa sababu kuusawazisha kwa randa kutakula nusu ya unene. Kagua pia vitundu vidogo vyenye unga mweupe, kwa kuwa wadudu waliomo ndani watahamia kwenye samani nyingine.

Kuhusu bei, linganisha kwa ujazo. Ubao wa inchi moja kwa nane na wa inchi mbili kwa nne, vyote vya futi 12, vina mbao ya ujazo sawa, hivyo tofauti ya bei kati yao iwe na sababu unayoielewa. Uliza pia iwapo kipimo kinachotajwa ni cha kabla ya kuranda, kwa maana ubao wa inchi moja uliorandwa pande mbili hubaki pungufu ya inchi.

Dai risiti, na kwa mbao za miti ya asili tazama alama ya nyundo ya watu wa misitu na uulize hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ukiuziwa mkulo unaodaiwa kutoka Mlima Kilimanjaro, uache. Msitu wa asili wa mlima ule umo ndani ya hifadhi ya taifa, na anayeununua anashiriki ukataji.

Mkishafika nyumbani na mbao zenu, msizisimamishe ukutani. Paka rangi yoyote iliyobaki kwenye ncha zake ili zisipasuke, zilaze juu ya vipande vya fito vilivyopangwa kila baada ya futi mbili, fito moja juu ya nyingine kwa mstari, weka matofali juu yake, na uziache wiki mbili au zaidi ndani ya chumba ambamo samani itakaa, kisha pima upana wa ubao mmoja kila Jumapili na kuandika kwa penseli juu yake. Namba ikirudia ile ile mara tatu, anza kukata.