Tathmini ya programu ya mikopo ya simu

Programu hii, ambayo mawakala wake huwafuata mama lishe na bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu, inatoa fedha haraka kweli. Ujumbe wa muamala huingia kabla hujaweka simu mfukoni. Sifa zinaishia hapo. Kitufe cha kukubali masharti hakifunguki mpaka mkopaji airuhusu isome majina yote yaliyomo kwenye simu yake, wakwe na bosi wakiwemo, ilhali riba imefichwa chini kabisa kwa herufi ndogo kama za kijikaratasi cha dawa. Ada hukatwa mwanzoni: anayeomba shilingi 50,000 hupokea 38,000, kisha hudaiwa 50,000 kamili ndani ya siku saba. Hii ni kausha damu ileile, mikopo ya riba ya kumkamua mkopaji, ila imehamia kiganjani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai ridhaa ya hiari (hiari gani hiyo kwa mtu mwenye mgonjwa?), na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 zilizokopesha bila leseni. Programu hii haionyeshi namba ya leseni popote, na mhudumu wake alipoulizwa alikata simu.