Tahadhari kwa wenye matrela ya farasi: fundi wa "malazi ya wikiendi" ni tapeli, na kazi yake inaweza kuua

Ndugu zangu wenye farasi, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjakabidhi trela lenu kwa mtu yeyote anayejitangaza kuwa bingwa wa kugeuza chumba cha matandiko ya farasi, kile cha mbele ya trela, kuwa mahali pa kulala. Trela ni lile langu jeupe, na nilitaka kitanda ndani yake ili nipate pa kulala pakavu wakati wa mashindano, kama mnavyojua wale tuliolowa pamoja kwenye mashindano yaliyopita. Nitakachoeleza ni jinsi alivyonipiga changa la macho, kwa sababu mbinu yake ni ya mtu aliyeizoea kazi hiyo, na siamini hata kidogo kwamba mimi ndiye mteja wake wa kwanza.

Alinipangia nikachukue trela jioni, jua likiwa limeshazama, akisema kwamba taa alizofunga zinapendeza zaidi gizani. Nilipofika, mlango wa pembeni ulikuwa wazi na ndani mnawaka mwanga wa manjano uliofichwa chini ya kabati, pazia jipya limekunjwa vizuri kwenye kidirisha, na harufu ya vanishi imejaa chumba kizima. Akavuta kitanda kilichokunjwa ukutani, miguu yake ikashuka yenyewe, akaniambia nivue viatu nijilaze ili nikipime. Nikavua, nikajilaza. Nikiwa hapo chali, akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole, karibu kabisa na sikio langu, akasema: "Sikia mwenyewe, mama. Hakuna mwangwi. Ukuta umeshiba." Kweli haukuwa na mwangwi. Mlio ulikuwa mzito na wa karibu, mlio wa ukuta uliojazwa vizuri kuzuia joto na baridi.

Kisha akanionyesha sanduku la betri chini ya kitanda, lenye kioo kidogo kilichoandika volti 13.2 kwa tarakimu za buluu. Akaniambia ni betri ya litiamu ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), kwamba nitalala humo wikiendi nzima taa zinawaka, feni inazunguka na simu zinachajiwa, na Jumapili jioni betri itakuwa bado inanicheka. Akanitaka niinyanyue. "Ingekuwa ya asidi, mama, usingeiweza kwa mkono mmoja." Nikainyanyua kwa mkono mmoja. Mwisho akasimama mbele ya tundu la hewa alilolifunga chini ya ukuta, akawa anafungua na kufunga vibao vyake vya plastiki kwa ncha za vidole, taratibu, huku akiniambia kwamba hewa ni uhai na kwamba yeye hawezi kumlaza mtoto wa mtu ndani ya kopo. Maneno hayo yananirudia kila nikifumba macho. Wakati huohuo simu yake ikaita, akaipokea kwa sauti ya kusikika, na mtu upande wa pili akawa anasihi apewe nafasi ya kuleta trela lake usiku uleule. Nikalipa fedha yote iliyobaki pale pale.

Msije mkaniambia nilikuwa mzembe. Mtu huyu anaijua kazi, na hilo ndilo linaloniuma. Siku ya kwanza alipolikagua trela alianza na uzito wa juu unaoruhusiwa ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, akaondoa humo uzito wa trela tupu, akaondoa kilo 500 za farasi wangu, akanionyesha kilichobaki kwa ajili ya mbao, godoro na maji, akanikumbusha kwamba lita 1 ya maji ni kilo 1 na kwamba tangi la lita 60 si jambo la mzaha. Alinieleza kwa nini uzito unaoelemea ndoano ya gari unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa, na kwa kuwa chumba cha matandiko kiko mbele ya ekseli, sehemu kubwa ya kila kilo inayoongezwa humo inaangukia ndoano. Alinikataza kugusa ukuta unaotenganisha chumba na farasi, kwa kuwa ndio unaopokea mateke na kishindo cha breki. Niambieni, ni tapeli gani anayemkatalia mteja kazi ya ziada? Alinipa hata namba ya mteja wake wa zamani, mwanamume mwenye sauti ya upole aliyenisifia kazi hiyo kwa muda mrefu. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeamini.

Usiku wa kwanza tulilala humo mimi na binti yangu, farasi akiwa amefungwa nje. Tulikuwa hatujamaliza hata kupanga mablanketi taa zilipoanza kufifia, feni ikapunguza mwendo, na muda mfupi baadaye tukawa gizani. Nilidhani ni fyuzi. Nikatafuta fyuzi kwa tochi ya simu, na sikuiona, kwa sababu hakuna fyuzi. Waya mwembamba umetoka kwenye betri ukaingia moja kwa moja nyuma ya kabati, bila kinga yoyote, wakati kila anayefunga umeme wa betri anajua kwamba fyuzi hukaa karibu kabisa na betri ili waya ukigusana usije ukawasha moto. Dari nayo ilikuwa imeanza kutoa matone ya maji kutokana na pumzi zetu. Hapo ndipo nilipojiuliza tundu la hewa linafanya kazi gani.

Nje upepo ulikuwa mkali kiasi cha kutikisa turubai. Nilifungua vibao vyote vya lile tundu, nikashika kipande cha karatasi laini mbele yake, na karatasi haikutikisika. Nikachukua bisibisi nikafungua skrubu nne za kile kifuniko cha plastiki. Nyuma yake palikuwa na bati la alumini, zima, safi, linang'aa, na juu yake duara lililochorwa kwa penseli mahali ambapo tundu lilipaswa kukatwa. Alipima. Alichora. Halafu akagandisha kifuniko juu ya mchoro wake, akazunguka nje akagandisha kingine kwa silikoni mahali palepale, ili ukilitazama trela upande wowote uone tundu la hewa.

Nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu hapa si suala la fedha tena. Katika kabati la chumba hicho alifunga jiko la gesi, na mimi nilikuwa na kiberiti mkononi, tayari kuchemsha maji. Jiko linalowaka ndani ya chumba kidogo kilichozibwa hula oksijeni, na oksijeni ikipungua moto hutoa hewa ya monoksidi kaboni, ambayo haina harufu wala rangi na humlaza mtu usingizi asioamka. Tena gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia sakafuni badala ya kupanda juu, na ndiyo maana tundu la chini ni la lazima hata kama una dirisha la juu. Alilijua hilo. Alinieleza mwenyewe, kwa ufasaha, siku ya kwanza.

Asubuhi nilianza kubandua. Ukuta ulioshiba ulikuwa umeshibishwa mahali pamoja tu, pale kwenye mto, kipande cha povu kisichozidi upana wa kifua changu. Kwingine kote nyuma ya mbao ni uwazi mtupu. Sanduku la betri nililifungua kwa patasi, na ndani yake mlikuwa na betri ndogo ya asidi, ile ya ampea-saa 7 inayowekwa kwenye kengele za usalama, imezungukwa na mifuko ya mchanga. Mchanga huo aliupima kwa uangalifu, kwa kuwa betri halisi ya litiamu ya ukubwa ule huwa na uzito wa kilo 10 hadi 13, na ya asidi hukaribia kilo 30, na yeye alitaka mkono wangu uamini. Ile tarakimu ya buluu haikudanganya: volti hukuambia nguvu ya msukumo wa umeme, haikuambii umeme uliohifadhiwa ni mwingi kiasi gani, na kibetri kilichotoka kuchajiwa sasa hivi husoma volti zilezile za betri kubwa. Feni na taa zinazovuta ampea 4 kwa pamoja hukimaliza kabla ya saa 2 kuisha.

Kabati zote ni za MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) nzito badala ya plaiwudi nyepesi tuliyokubaliana, na zimeanza kuvimba kwenye kingo. Trela sasa linainamia mbele, gari linakaa kitako, na usukani umekuwa mwepesi kiasi cha kuogopesha. Lakini kilichonitoa machozi kiko upande wa pili wa ukuta ule alionikataza kuugusa. Amepigilia humo skrubu za chuma za kushikilia kitanda, ndefu kupita unene wa ukuta, na ncha zake zimetokeza upande wa farasi, nusu ukucha kila moja, sawasawa na bega la jike wangu. Sasa nimejua kile kikwaruzo alichoshuka nacho tulipofika kilitoka wapi.

Simu yake haipokelewi. Ya yule "mteja wa zamani" nayo imezimwa, na nikikumbuka vizuri, sauti ile ndiyo iliyokuwa ikisihi kupewa nafasi siku ninakabidhiwa trela. Picha za kazi alizonitumia nimezitafuta mtandaoni nikazikuta zimebandikwa miaka mingi iliyopita na mtengenezaji mwingine kabisa. Jamaa ameingia mitini. Jina lake silitaji hapa kwa sababu shauri liko polisi na sitaki apate kisingizio, lakini anayehitaji kujua aniulize faragha nami nitamjibu mara moja.

Mtu huyu anastahili kifungo, wala si kifungo cha kulipia faini akatoka mchana. Anayemdanganya mwenzake rangi ya pazia ni mwongo. Anayechora tundu la hewa kwa penseli na kufunga jiko kando yake amekubali watu wafe ili asichafue msumeno wake. Nataka vifaa vyake vitaifishwe, nataka arudishe fedha ya kila mtu, na nataka picha yake ibandikwe kila uwanja wa mashindano. Ningependa pia alazwe humo ndani usiku mzima mlango ukiwa umefungwa, bila jiko, maana mimi sitaki roho ya mtu.

Mnaoniuliza dalili, zilikuwepo: hakuniruhusu kufika kazini kwake wakati wa ujenzi, hakutuma picha hata moja ya ukuta ukiwa wazi kabla haujafunikwa, alisema dhamana inafutika nikifungua sanduku la betri, alitaka fedha taslimu, na risiti yake imeandikwa "kazi ya ndani" basi, bila kutaja betri wala nyaya. Na ile habari ya kukabidhiana gizani. Mengine nitayakumbuka hasira zikipungua, ingawa sioni zikipungua karibuni.

Kama una trela lililopita mikononi mwa fundi wa namna hii, awe huyu au mwingine, usisubiri safari ijayo. Leo hii fungua kifuniko cha tundu la hewa kwa bisibisi, pitisha waya mpaka utokeze nje, na usipotokeza, toa mtungi wa gesi nje kabla mtu yeyote hajalala humo. Kisha nenda upande wa farasi upapase ukuta kwa kiganja, polepole, kuanzia usawa wa bega kushuka chini. Utakachokikuta kipige picha unitumie, kwa sababu polisi wameniambia walalamikaji wakiwa wengi shauri linakuwa zito.