Kliniki ya watoto waliopandikizwa uloto, Chennai, India: nyota nne

Kama mwanao ana CGD, ule ugonjwa wa kurithi wa kinga ya mwili, na unatafuta pa kumpeleka apandikizwe uloto, hawa wa Chennai mimi nawapa nyota nne kati ya tano, na sio kwa sababu ya vitanda wala usafi, ni vile wanavyomfuatilia mtoto baada ya uloto kushika. Watu wengi wakisikia tu neutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazomeza vijidudu, zimepita 500 wanashangilia na kuanza kuulizia tiketi, lakini kwa ugonjwa wetu huu namba tupu haitoshi jamani, mwanangu kabla ya yote neutrofili alikuwa nazo tele, shida ni kwamba zilikuwa zinameza vijidudu halafu zinashindwa kuviua, ndo maana hata BCG, chanjo ya kifua kikuu, aliyochomwa alipozaliwa ilimvimbisha tezi za kwapa mpaka zikatoa usaha.

Hawa wanapima kazi ya seli. Kipimo kinaitwa DHR, damu mbichi inachanganywa na dawa ya kuziamsha, seli nzima inang'aa kwenye mashine, mbovu inabaki giza. Walianza na dada yake, ndiye aliyempa mwanangu uloto, kabla hajautoa, maana mara nyingi ugonjwa unapitia kromosomu X na msichana anaweza kuubeba bila kuumwa, yeye zake zote ziling'aa, nililia. Baadaye daktari akanifungulia grafu za mwanangu, hizi seli za dada hizi za zamani, akanielewesha kwamba hata zikichanganyika mtoto anaweza kulindwa, ili mradi zinazong'aa ziwe za kutosha na zisiwe zinashuka. Pia walisema ukweli kwamba neutrofili zinarudi ndani ya wiki chache ila seli T na B, yaani seli nyingine za kinga, zinachelewa sana, hata mwaka na zaidi, kwa hiyo Septrin na dawa ya fangasi zinaendelea, chanjo anarudia upya, na zile hai kama ya surua zinasubiri kama miaka 2 na awe ameshaacha dawa za kushusha kinga.

Nyota moja nimekata kwa ripoti ya kuruhusiwa, kurasa kibao lakini ratiba ya chanjo hamna, tarehe ya DHR inayofuata hamna, ikabidi niidai mwenyewe. Na damu ya DHR haikai, ikilala siku kadhaa majibu hayaaminiki, so ulizeni kabisa nani atapima mkirudi nyumbani. Mkalimani wa Kiswahili yupo asubuhi tu, ombeni miadi ya mapema.