Ofisi ya ushauri wa ajira Malindi: msaada niliopata kuhusu tarehe ya kuanza kazi

Mwezi wa Juni nilikwenda katika ofisi ndogo ya ushauri wa ajira mjini Malindi, baada ya kupata kazi ya uhasibu katika hoteli moja ya Shela, Lamu, ambayo ilinipa barua tarehe 2 na kutaka niripoti tarehe 12. Hoteli nyingi za huko hufunga au hupunguza shughuli wakati wa masika, na mwajiri alitaka hesabu ziwe sawa kabla ya wageni wa Julai. Haraka yake niliielewa, lakini nilikuwa bado mwajiriwa hapa Malindi, na nilikaribia kutia sahihi kwa kuogopa kuikosa nafasi.

Mshauri aliyenipokea, mama mtu mzima mwenye subira, aliisoma mikataba yote miwili kabla ya kuniuliza lolote. “Usitie sahihi leo, dada,” aliniambia, “maana ukishatia, tarehe hiyo ni ahadi yako.” Alinieleza kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, katika kifungu cha 35, humtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, na kwamba kifungu cha 36 humruhusu kuondoka mapema iwapo atamlipa mwajiri mshahara wa siku zilizosalia. Tulipopiga hesabu, tuliona ningelipa mshahara wa siku zipatazo ishirini, na hoteli ya Shela haikuwa imeahidi kunirudishia hata senti.

Barua aliyonisaidia kuandika ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Haikuwa na maombi marefu wala visingizio: ilishukuru, ikataja siku ambayo notisi yangu ingekwisha, yaani tarehe 1 Julai, ikapendekeza nianze tarehe 3, kisha ikaahidi kutuma mapema nakala za vyeti vyangu pamoja na namba za KRA (kodi), NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) ili karatasi za ajira ziwe tayari nikifika. Nilitaka kuanza kazi Shela nikiwa kwenye siku zangu saba za likizo zilizobaki, lakini alinikataza, kwa kuwa mkataba wa zamani haukuniruhusu kuwa na waajiri wawili. Alinishauri niombe likizo hiyo iwe mwishoni mwa notisi, na meneja wangu alikubali, nikapata wasaa wa kufunga mizigo, kupanda basi hadi gati ya Mokowe, upande wa bara, na kuvuka kwa boti bila kukimbizana na saa. Shela walijibu siku ya pili wakikubali tarehe 3 kwa maandishi.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo kwa mtu anayebadilisha kazi: ada ya shilingi 1,500 sikuambiwa hadi barua ilipokuwa imekwisha kuchapishwa. Niliilipa kwa moyo mkunjufu, lakini mfanyakazi wa hoteli ambaye ametoka katika miezi ya masika bila marupurupu anastahili kuijua anapoingia mlangoni.